Mkono wa Pedeli

Baiskeli ya gia nilimnunulia baba mimi mwenyewe, ya mtumba, nikaipakia kwenye basi kutoka Mbeya hadi Iringa. Kila asubuhi aliipanda kutoka nyumbani Kalenga kwenda kwenye bustani yake ya nyanya kando ya mto. Gololi za katikati, penye pedeli, zilipoanza kulia nilikuwa likizo, nikasema hakuna haja ya fundi. Niliazima pula, kile kifaa kinachojifunga ndani ya mkono wa pedeli na kuung'oa ili gololi zifikike. Sikukiingiza hadi mwisho. Baba, amechuchumaa pembeni, aliniambia nianze upya, taratibu. Nikavuta spana kwa hasira. Nyuzi za ndani ya mkono zikaliwa zote, pula ikachomoka, mkono ukabaki palepale. Nikaupiga nyundo mpaka ukapinda, pedeli ikawa inagonga fremu.

"Acha, mwanangu," alisema. "Nitatembea."

Niliahidi kurudi mwezi unaofuata na mkono mpya. Nilirudi baada ya miezi saba, kumzika. Daktari alisema ni moyo. Mama alinisimulia kwamba siku za mwisho baba alikuwa akipumzika mara tatu njiani kabla ya kufika bustanini, na kila mama alipomwambia aipeleke baiskeli kwa fundi baba alikataa, akisema mtoto ameshasema anakuja. Kwenye simu mimi aliniambia miguu iko imara.

Baada ya matanga nilikuja na baiskeli Mbeya, hapa mtaa wa Soweto ninapoishi. Fundi aliuliza nani kaufanya mkono hivyo. Nikasema ni mimi. Hakunilaumu. Aliunyoosha kwa bomba kiasi cha kutogonga, akafungua boliti iliyoushikilia, akanirudishia baiskeli.

"Kaizungushe mtaani," alisema. "Hii haitaki nguvu. Utalegea wenyewe."

Mzunguko wa tatu mkono ulianza kucheza. Wa tano ulichomoka, ukaanguka na pedeli yake barabarani. Nilikaa chini ukingoni nikiwa nimeushika. Mama mmoja muuza ndizi aliniuliza kama nimeumia, nikainuka, nikaikokota baiskeli kurudi kwa fundi.

Fundi alifunga gololi mpya na mkono mpya kabla ya saa sita. Jioni nilimpigia mama, nikamwambia imepona, nitaileta.

"Kaa nayo huko huko," alisema. "Nikiisikia njiani nitatoka nje kumpokea baba yako."

Iko sebuleni kwangu, imeegemea ukuta. Sijaipanda tena.