Bahili na Ng'ombe wa Maziwa

Juzi mjukuu wangu alisoma kwa sauti hadithi ya bahili wa Uingereza ya kale, nami nikasikia tena harufu ya ngano ya shamba la serikali ikiingia darasani kwetu Gendabi. Utotoni, mwalimu alitusomea jinsi bahili huyo alivyogeuka mwema, akawapelekea maskini nyama.

Nilisimama. "Mwalimu, huyo bado ni bahili. Nyama huisha leo. Angewaazima ng'ombe wa maziwa!"

"Kaa chini! London kuna zizi?"

Darasa zima lilicheka, lakini sikukaa. Nilidhani kila mji una mazizi.

Hilo nilikosea, mengine siyafuti. Ukubwani, jirani yangu aliyefiwa na mke aliniomba nimwazime ng'ombe mmoja, kichanga chake kipate maziwa. Nikampa kilo mbili za nyama. Siku hiyo ndipo nilipokaa chini.