Sawa ya Fundi

Dirisha la jiko langu linatazama mlango wa kijani wa fundi cherehani, na macho yangu mimi hayana likizo. Kwa miaka ishirini na mbili nilimwona yule mzee akifungua duka kila asubuhi. Anafagia kizingiti, anaipangusa cherehani polepole kama mtu anayemfuta mtoto uso, kisha anabana pini mdomoni. Kuanzia hapo humsikii tena. Watu walisema zile pini ni kisingizio tu cha kutoongea. Ukimwambia lolote, jibu lake lilikuwa moja: "Sawa." Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Sawa.

Lakini mimi nilikuwa namwona. Mtoto akipita kwenda shule kifungo kimemtoka, Fundi alimwita kwa kidole, akamvua shati na kulishona papo hapo, huku amempa mgongo ili mtoto asione haya kukaa kifua wazi. Nasi akina mama wanene tulimpenda kwa sababu hakuwahi kutaja kiuno cha mtu kwa sauti. Alipima, akaandika kwa chaki kwenye kiganja chake, akakifumba.

Binti yangu wa pekee alipochumbiwa na mwokaji mikate, nilikimbilia kwa Fundi siku ileile. Harusi ilikuwa bado miezi mitano. Fundi akatoa pini mdomoni ili aniulize.

"Dada yangu, mbona mapema hivi?"

"Fundi, mimi nikingoja nitaugua."

"Sawa."

Gauni la harusi lilipokuwa tayari nililigeuza nje ndani, kama kawaida yangu. Kila mshono ulikuwa na kitambaa cha ziada, upana wa vidole vitatu.

"Hiki cha nini?" nikamjia juu. "Hii si sare ya shule! Binti ana miaka ishirini na sita, hakui tena. Kata, asije akaonekana pipa siku ya harusi yake."

Fundi akanitazama, akalitazama gauni, akaitikia kwa kichwa. "Sawa," akasema. "Njoo kesho."

Kesho yake nililikuta limetiwa bitana, laini, mishono yote imefichwa ndani. Nikaridhika. Nikalifungia sandukuni, ufunguo nikauning'iniza shingoni, na nikapiga marufuku mtu yeyote kulijaribu, asije akalitia doa.

Miezi miwili baadaye Fundi alifariki usingizini, kimyakimya kama alivyoishi. Mazishini niliangalia huku na huku: mashati, magauni, suruali za wazee, karibu zote zilikuwa zimepita mikononi mwake.

Asubuhi ya harusi tukafungua sanduku. Binti akavaa, nikavuta zipu. Ikagoma katikati ya mgongo. Kumbe miezi mitano yote mchumba alikuwa akimletea keki kila jioni, na mimi mwenye macho haya sikuona kitu.

"Vuta tumbo ndani!"

"Mama, nikilivuta zaidi nitazimia!"

Zilibaki saa tatu tu kabla watu hawajakusanyika. Nikaketi kitandani. "Nilimwambia akate," nikalia. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu!"

Mjane wa Fundi alikuwa amekuja kutusaidia kupiga pasi. Akaiweka pasi chini. "Ulipomwambia akate, alikujibu nini?"

"Alisema sawa."

Mama wa watu akacheka mpaka akajishika ukutani. "Miaka arobaini nimeishi na sawa hiyo! Nilimwambia mlango aupake rangi ya bluu, akasema sawa. Haya, mlango una rangi gani?"

"Kijani," binti akajibu.

"Nileteeni wembe."

Akafumua bitana taratibu. Kitambaa kilikuwa palepale, vidole vitatu, kimekunjwa na kupigwa pasi vizuri. Juu yake Fundi alikuwa amechora kwa chaki mistari miwili, mmoja karibu na mshono, mwingine nje zaidi.

Mjane akavuka barabara na gauni begani. Mlango wa kijani ukafunguliwa, na mtaa ukaisikia tena ile cherehani, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Majirani wakatoka vibarazani. Mimi nilisimama dirishani kwangu, nikilia na kucheka kwa pamoja.

Mjane alishona kwenye mstari wa kwanza. Tulipomvalisha binti, zipu ikapanda bila ubishi, na gauni likamkaa kama ngozi yake. Akajigeuza mbele ya kioo, kisha akapapasa kitambaa kilichobaki ndani ya bitana.

"Na ule mstari wa pili, bibi, ni wa nini?"

"Wa mwaka wa kwanza wa ndoa," mjane akamjibu. "Si unaolewa na mwokaji mikate?"

Binti akacheka, akamshika mkono.

"Sawa, bibi," akasema.