"Baba, Nichanje au Nisichanje?": Hofu ya Dobi wa Hospitali

Magurudumu ya toroli yanasikika kabla toroli lenyewe halijaonekana. Yanakuja yakilia juu ya sakafu ya saruji, kutoka upande wa wodi ambayo watu wakiikaribia huongeza mwendo. Dobi anaacha chai yake dirishani, anavuta barakoa juu ya pua, anaongeza nyingine juu ya ile ya kwanza, kisha anavaa glavu za mpira zinazomfika viwikoni.

"Wewe ishia hapo hapo," anamwambia mwandishi. "Ukitaka kuona, ona kwa mbali."

Mifuko iliyomo kwenye toroli ni myekundu. Ya kijani hutoka wodi za kawaida na hufunguliwa mezani. Myekundu hutoka kwa wagonjwa wa korona, na hiyo haifunguliwi mpaka ifike mdomoni mwa mashine.

Anaushika mfuko wa kwanza shingoni, ameuweka mbali na kifua kama mtu aliyebeba nyoka. Hautikisi. Anaufungua, anageuza uso pembeni, mashuka yanaporomokea ndani. Mlango wa mashine unapofungwa kwa kishindo, mabega yake yanashuka. Kisha anageukia mwingine.

"Shuka silo linalonitisha," anasema. "Shuka halina mwenyewe. Balaa ni vitu vinavyokuja nalo. Kijiko. Soksi moja. Siku moja nilikuta meno ya bandia. Nikayasafisha, nikayapeleka wodini, wakaniambia mwenyewe ameshaondoka. Sikuuliza ameondoka kwenda wapi."

Hospitali nzima humwita Povu. Jina hilo halikutokana na maneno, maana yeye si mtu wa kutoa povu. Ni mwembamba, mpole, ana miaka hamsini na ushee, na amefua mashuka hapa tangu enzi za mabeseni na kukanyaga kwa miguu.

Kabla ugonjwa haujaingia, chumba cha kufulia kilikuwa na watu saba. Sasa wamebaki wanne. Wawili waliacha kazi wenyewe, wakaaga kwa simu. Wa tatu hakuaga.

Huyo alikuwa Mzee wa Pasi, aliyenyoosha makoti ya madaktari. Ndiye aliyekuwa mcheshi wao. Chanjo ilipoletwa kwa wafanyakazi, wengine wakawa wanatazamana, yeye akakunja mkono wa shati na kutangulia.

"Alitucheka," Povu anakumbuka. "Akasema, 'Mnaogopa sindano, wakati kutwa mnashikana mikono na kifo? Nyie watu wa ajabu.' Akaenda, akarudi, akaendelea kupiga pasi."

Wiki haikuisha. Mzee wa Pasi alianza kukohoa, akashindwa kupanda ngazi, akalazwa katika ile ile wodi wanayoiogopa. Asubuhi moja Povu alifungua mfuko mwekundu na ndani yake akakuta shati.

"Nilijua ni lake kwa kola. Hakuna mtu mwingine anayepiga kola pasi namna ile. Nikalishika, nikasahau kabisa kwamba sitakiwi kulishika. Mchana wakaja kutuambia amefariki."

Msiba ulikuwa haujaisha, uvumi ukaanza. Ulianzia kwenye korido, ukaingia kwenye simu. Sauti ya mtu asiyejulikana ilikuwa ikisimulia kwamba dobi wa hospitali amechomwa chanjo na kufa papo hapo. Shemeji yake Povu, anayeishi mbali, aliituma kwenye kundi la familia bila kujua kwamba marehemu alikuwa mwenzake Povu kazini.

"Watu wa mbali walikuwa wananisimulia kifo cha mtu niliyekula naye," anasema. "Na mambo mengine walikuwa wanakosea. Lakini hata mimi nilipoisikiliza ile sauti mara ya pili, ya tatu, nikaanza kuiamini. Mzee alichanjwa, Mzee amekufa. Ungeniambia nini?"

Katika chumba cha kufulia hakuna aliyekwenda tena kuchanjwa.

Nyumbani, Povu alikuwa ameshageuka mgeni. Akifika hupitia uani, huvua nguo zote nyuma ya ukuta wa mabati na kuziloweka, huoga, ndipo huingia. Hulala peke yake kwenye chumba kilichokuwa cha watoto. Mkewe humwekea chakula kizingitini, kisha hurudi nyuma.

"Tumekuwa kama watu waliogombana," anasema mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Na hatujagombana. Naongea na mume wangu kwa kupitia dirisha, kama tumeanza uchumba upya."

Ni katika nyumba hiyo ambamo kitindamimba wao alirudi akiwa na mimba ya kwanza, ili awe karibu na hospitali. Mumewe, fundi wa magari, alikuja naye. Kliniki walimshauri achanjwe. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya uani akimsubiri baba yake amalize kuoga.

"Baba, wewe ndiye unayeshinda hospitali," alimwambia. "Nichanje au nisichanje?"

Povu alimjibu, "Ngoja kwanza."

"Nikamwambia angoje, lakini sikuwa na cha kungojea," anasema sasa, akikamua kitambaa ambacho tayari ni kikavu. "Niliogopa jibu lenyewe. Nikisema chanja, likatokea la kutokea, mimi ndiye nimewaua mwanangu na mjukuu wangu. Nikisema usichanje, akaupata ugonjwa, ni mimi yule yule. Nilitamani angemuuliza mtu mwingine yeyote."

Mkwe wake hakuwa na shaka. "Baba, kwa heshima zote," alisema jioni hiyo, amesimama mlangoni na mikono yenye grisi, "mke wangu hatachomwa kitu ambacho hata wanaokichoma wanabishana."

Siku zikapita, tumbo likakua, swali likabaki pale pale. Binti hakulirudia. Lakini kila baba yake alipopita, alimtazama.

Kisha siku moja kwenye mfuko mwekundu lilitokea shuka dogo, la kitanda cha mtoto mchanga.

Povu hakulitia kwenye mashine mara moja. Alilitazama likiwa limening'inia kwenye glavu, akalitumbukiza, akatoka nje na kukaa chini kwenye kivuli cha tangi la maji. "Niliiacha mashine ikizunguka," anasema. "Nilijiuliza, mama yake yuko wapi? Nikaogopa kwenda kuuliza. Mpaka leo sijauliza."

Jioni hiyo hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alikwenda kwa mjane wa Mzee wa Pasi, ambaye tangu msiba Povu alikuwa akimkwepa. Alikaa kwenye kiti cha nje, mjane akakaa kizingitini, wakaongea mambo mengine kwanza, kama ilivyo kawaida ya watu wenye jambo zito. Hatimaye Povu akauliza lililomleta: sindano ndiyo iliyomuua?

"Shemeji, watu wananiuliza hivyo kila siku, na wengi wanataka niseme ndiyo," mjane alisema. "Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba siku mbili kabla hajachomwa, alinirudishia chai. Akasema haina ladha. Nikaonja, ilikuwa na sukari tele. Nikamwambia, umezeeka."

Povu anasema hapo akakumbuka. Wiki ile ile, kabla ya chanjo, Mzee wa Pasi aliwahi kulalamika kazini kwamba dawa ya klorini imechakachuliwa, haina harufu. Wenzake, waliokuwa wakitokwa na machozi kwa ukali wa dawa hiyo hiyo, walimcheka.

"Alikuwa ameshaupata," anasema Povu. "Alikuwa nao wakati anakunja mkono wa shati. Na sisi tulikuwa naye chumba kimoja."

Ahueni haikuja. Kilichokuja ni hofu mpya, kwamba huenda yeye pia alikuwa ameubeba na kuupeleka nyumbani bila kujua. Kesho yake alimfuata muuguzi wa wodi ya korona, ambaye wote humwita Sista tu, akamkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma, alama za barakoa zimemchora mashavuni.

"Sista, niambie ukweli. Inaua au haiui?"

"Nitakwambia ninachokijua na nisichokijua," Sista alimjibu. "Kwa Mzee siwezi kukuapia. Ila kupotelewa na harufu ni dalili ya ugonjwa, na ilimjia kabla ya sindano. Tena chanjo huchukua muda kujenga kinga, haikingi siku hiyo hiyo. Wengi hupata homa na mkono kuuma, halafu inapita. Madhara makubwa yapo, ni nadra, ndiyo maana tunawakalisha kwanza pale kwenye benchi. Lakini ugonjwa wenyewe ukimshika mjamzito, hilo sikuhadithiwa. Nimeliona."

"Na wewe ulipochanjwa hukuogopa?"

"Nilitetemeka mpaka aliyenichoma akauliza kama huyu ni Sista au ni ndugu yake."

Povu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akaenda nyumbani na kumpa binti yake jibu alilomnyima kwa muda mrefu.

"Nilimwambia, mimi sijui mwanangu, lakini nitatangulia mimi. Wewe niangalie."

Alichanjwa Ijumaa. Jumamosi adhuhuri homa ikampanda. Meno yaligongana, viungo vikauma, akajifunika blanketi wakati nje jua linawaka. Ndani ya nyumba ilikuwa kama moto umeshika paa. Mkewe alizunguka uani akilia, "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Mkwe aliliegesha gari la mteja mbele ya mlango, injini ikinguruma, tayari kumkimbiza hospitali.

Binti aliburuta kiti mpaka kwenye mlango wa chumba, akavaa barakoa, akakaa. Alimtazama baba yake kifua kikipanda na kushuka.

"Sikuwa namtazama yeye tu," anasema binti. "Nilikuwa najitazama mimi. Kila alipokoroma, mtoto alicheza tumboni, nikawa najiambia, basi, tumekwisha wote watatu."

Povu mwenyewe aliomba kipande cha sabuni. Walidhani anaweweseka. Akakiweka puani, akavuta, harufu ikaingia. Akavuta tena. Alilala nacho mkononi.

Jua lilipoanza kupungua makali, jasho lilimtoka, blanketi akalitupa, akauliza kama kuna chakula. Mkewe, ambaye alikuwa ameanza kuwapigia simu ndugu, alilazimika kuwapigia tena wote na kuwaambia wasije.

Wiki iliyofuata binti alikwenda. Mumewe alimpeleka kwa gari, uso umekunjamana njia nzima. "Watu wanadhani nimekubali," anasema fundi huyo. "Sijakubali. Nilimpeleka kwa sababu angekwenda peke yake ningechanganyikiwa zaidi." Alikaa naye kwenye benchi, akamshika mkono ambao haukuchomwa. Waliporudi alikataa kwenda gereji. Alifungua na kufunga boneti ya gari moja uani siku nzima, akisikiliza.

Mkono wa binti uliuma, usiku mmoja alihisi baridi, basi. Mtoto aliendelea kucheza.

Mwandishi alipomuuliza Povu kama sasa hofu imekwisha, alitikisa kichwa kabla swali halijaisha.

"Nilidhani nikichanjwa hofu itatoka. Imehama tu. Ilikuwa mkononi mwangu, sasa iko tumboni mwa mwanangu. Atajifungulia hapa hapa. Kila mfuko unaotoka wodi ya wazazi nautazama rangi yake kwanza, halafu ndipo napumua."

Kati ya wenzake watatu, mmoja amemfuata kuchanjwa. Wengine wawili bado wanaisikiliza ile sauti ya kwenye simu. Povu hagombani nao. "Niwaambie nini? Nilikuwa hapo walipo."

Hata nyumbani kwake bado kuna ambaye hajachanjwa. Mkewe anasema haogopi kufa, anaogopa kungoja.

"Nimeshawasubiri wawili," anasema, akipangusa mikono kwenye khanga. "Huyu amelala hapa anatetemeka, mimi nje. Yule amerudi na mkono umevimba, mimi nje. Sasa siku yangu nani atanisubiri? Huyu atakuwa kazini na mifuko yake."

Povu hajachukua likizo tangu ugonjwa uingie. Wiki iliyopita aliiomba. Msimamizi hakukataa, ila alimwambia asubiri apatikane mtu wa kushika mashine, na watu wa kuitaka kazi hiyo siku hizi hawapo. Hata hivyo ameshamwambia mkewe kwamba likizo ikipatikana atampeleka kuchanjwa, naye kwa mara ya kwanza hakupinga.

"Alinitazama kupitia lile dirisha, akasema, 'Basi uwe nyumbani siku hiyo. Usiniache na hawa watoto.' Wakinipa hata wiki moja inatosha. Siku ya kwanza nampeleka yeye. Akipata homa nitakaa na kiti mlangoni mpaka ishuke. Na siku zitakazobaki nitakaa pale uani na binti yangu, tumsubiri huyo anayekuja."

Kwenye korido magurudumu yanaanza kulia tena. Anavuta barakoa, anatega sikio, anachungulia.

"Kijani," anasema, na kwa muda mfupi anaegemea ukuta.