Editha, Lima Yuko kwa Nani?

Nimesoma meseji ya msiba mara ngapi sijui, naona kama ni Editha mwingine. Ijumaa kichwa kinamuuma, Jumapili hayupo. Hapana jamani.

Kwa msiomjua: Mwalimu Editha, tumefundisha wote huku Murusagamba. Alitunga mashairi ya watoto kuhusu miji ya dunia, yeye ambaye hata Mwanza hajafika!

Alisoma, aliangalia video mtandao ulipokubali, na madereva wa malori aliwahoji mpaka wanamkimbia. Anataka kujua watoto wa huko wanaamkaje, wanacheza wapi.

Kila mtoto alipewa mji wake wa kukariri. Ndiyo majina yao mpaka leo. "Kairo, funga mlango." "Tokyo, shikamoo iko wapi?"

Mimi ndiye niliyekuwa namsumbua aandike. Lesson plan anaandika, mashairi hataki! Akanijibu, "Shairi la mtoto likae kwanza mdomoni mwa mtoto. Likidondoka, halikuwa zuri."

Editha, hapo sikubaliani na wewe hata leo. Yanadondoka kwa sababu wanalia.

Jana msibani nilimwomba Mumbai aseme lake. Akaanza vizuri:

Mumbai mvua yanyesha,
viatu vi mkononi,
mwalimu anatuvusha…

Akakwama. Mstari uliobaki hata mimi siujui.

Mama yake alikuwa anamenya ndizi na wenzake. Ni mtu wa Kirundi, Kiswahili anakitumia sokoni tu. Bila kuinua kichwa akasema, "Twacheka hadi shuleni."

Nililia kwa sauti, sioni aibu kusema.

Kumbe wazazi mmeyasikia nyumbani. Basi nawaomba, wa Mbuba, wa Murukulazo, popote mlipo: mkalisheni mtoto, arekodiwe kwenye simu, mnitumie. Leo, msingoje arobaini. Watoto wanasahau haraka, na shule zimefungwa.

Kairo nimempata. Tokyo nimempata, ingawa amechanganya beti. Nairobi anaona haya, lakini analo lote.

Lima simpati. Shule zilipofungwa familia yake ilihamia Biharamulo kufuata malisho ya ng'ombe, namba ya baba haipatikani. Shairi lile ulilimaliza mwezi huu, Editha, ukamfundisha yeye tu. Wazazi, Lima ni binti mwembamba, ana pengo mbele. Mkimwona, mwambieni Mwalimu wa Hisabati anamtafuta, si kwa ubaya.

Wewe pumzika, dada yangu. Umechoka, lala. Mimi usingizi sina mpaka nimsikie Lima.