Kimya cha Abdimalik

Abdimalik ni mtoto wa kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo asije mtu akaniambia ninamsengenya. Nyama ni yangu na kisu ni changu. Tena ninayoyasema yanajulikana Garissa nzima, kutoka Bulla Iftin mpaka darajani, ila watu wana adabu ya uongo na mimi sina.

Alizaliwa mwaka ule mto Tana ulipopanda ukala mashamba. Mama yake alijisifu kwamba mtoto ametulia, halii hata akiwa na njaa. Nikamwambia, mtoto asiyelia usimfurahie, huyo hajui kudai, na asiyejua kudai hajui kukataa. Alininunia mwezi mzima. Sasa ametangulia, Mungu amrehemu, la sivyo ningemkumbusha.

Akapelekwa kuchunga ngamia upande wa Balambala. Kisimani watu wakimwambia, "Waryaa, we kijana, acha wetu wanywe kwanza," hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisimama na fimbo begani kama mti mkavu, na ngamia wetu wakanywa mwisho, wakanywa matope. Kaka yangu akasema kijana ana subira. Subira! Punda naye ana subira, na sijaona mtu akimpa punda ofisi.

Alipofika umri wa kuoa, wazee walitaka kumposea Lul, msichana mzuri wa Ijara, wakamuuliza anaonaje. "Inshaallah," akasema, akawamiminia chai. Yeye hakumtaka. Macho yake yalikuwa kwa Hodan tangu zamani. Lakini kulisema hilo? Alizima simu akaenda Wajir kutembea.

Hapa nieleze, maana wasomaji wengine ni watu wa mbali. Kwetu mtu mzima hakataliwi usoni. Ukimwomba mtu kitu, naye akasema inshaallah halafu akapotea, umeshajibiwa: hapana. Unashika njia yako na heshima yako, na yeye anabaki na yake. Ni desturi nzuri, siikatai. Lakini ni kama chumvi, inatiwa kidogo. Huyu aliifanya ndiyo chakula chenyewe. Lul alipochoka kungoja aliolewa Kutulo, mbali na mama yake, na mzee mwenye kikohozi. Abdimalik akamchukua Hodan wake, na hadi leo akiulizwa habari ya Lul anatazama viatu.

Mtu kama huyo, ukiwa na akili, unampa kazi gani? Sisi wanawake wa chama cha maziwa ya ngamia tulimpa umeneja. Tulisema ana diploma ya Nairobi na hana adui. Kweli hakuwa na adui. Atampataje, na hajawahi kumwambia mtu neno lenye mfupa?

Kituo chetu kiko karibu na soko la mifugo. Alfajiri maziwa yanafika kwa pikapu, ndani ya madumu ya manjano yaliyofukizwa moshi, na mbele ya tangi la baridi anasimama Qali. Qali ni mjane mwenye watoto, na kazi yake ni kupima. Ananusa, anatumbukiza kile kijiti chake cha kioo kuona kama yametiwa maji, anaonja, anatema. Yakiwa mabaya anasema neno moja, "Rudisha," hata yakiwa ya mama yake. Alishawahi kunirudishia mimi mbele ya watu. Nilimtukana mpaka nikachoka, yeye akaita dumu linalofuata. Ndiyo maana wachuuzi wa Islii kule Nairobi walikuwa wakipokea maziwa yetu bila kuyaonja. Waliuliza tu, "Amepima Qali?" Wakiambiwa ndiyo, wanalipa.

Halafu ikaja hii takataka ya lango. Shirika fulani lilituletea simu zenye programu: moja ya kupokea maziwa, moja ya kuyapakia kwenda Nairobi, moja ya malipo ya wanachama. Na juu ya programu hizo wakaweka kitu walichokiita lango la kujihudumia. Kijana Jarso, Mborana wa Wajir, akaja kutufundisha. Akasema zamani mfanyakazi akitaka kuingia katika programu ya kazi alimngoja fundi wa kompyuta amfungulie. Sasa anajihudumia. Anaingia langoni kwa simu yake, anachagua programu anayoitaka, ombi linaruka mpaka kwenye simu ya meneja, na meneja anabonyeza Kubali au Kataa.

"Kama hoteli ya kujipakulia," nikasema.

"Ndiyo, mama. Lakini mwiko ameushika meneja."

"Huyu?" nikamtazama Abdimalik. "Basi sufuria itaisha leo."

Wanawake wakacheka. Abdimalik naye akacheka, maana kucheka hakuna Kubali wala Kataa.

Jarso akaendelea: "Na mkuu akiwa safarini je, hana mtandao? Kazi isilale. Ombi likikaa siku tatu bila jibu, lango linafunguka lenyewe. Kunyamaza ni kukubali. Sawa, mkuu?"

Abdimalik akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti wetu, Jawahir, akaniegemea akaninong'oneza, "Wamemfanya bikira mbele ya sheikh. Akinyamaza, ameridhia."

Sisi wawili ambao kusoma tulikupata kwenye ngumbaru tulilisikia na tukalielewa. Yeye mwenye diploma alilisikia akaliacha lipite, kama anavyoacha kila kitu kipite. Kichwa chake kiliitikia, lakini roho yake ilibaki kisimani Balambala.

Sasa, dereva wa pikapu yetu alikuwa Deeq, kaka yake Hodan, yaani shemeji yake Abdimalik. Deeq ni mtu wa miraa na maneno mengi. Familia ya mke wake pia walileta maziwa, na Qali aliyarudisha mara mbili kwa sababu ya maji. Deeq akaona njia. Akaingia langoni, akaomba programu ya kupokea maziwa, ile ya Qali, na pale wanapouliza sababu akaandika kwamba anataka kumsaidia dada Qali na kazi. Msaada wa fisi kwa mbuzi.

Ombi likafika kwa Abdimalik. Nilikuwa pale ofisini nimefuata jambo langu, nikaona uso wake ulivyobadilika.

"Nini, eedo?" nikamuuliza. Kwetu shangazi na mtoto wa kaka yake wanaitana eedo wote wawili.

"Deeq anaomba programu ya Qali," akasema, akanigeuzia simu nione.

"Bonyeza Kataa."

"Ataona, eedo. Linatokea neno jekundu, na jina langu chini yake. Kabla ya magharibi Hodan atakuwa amejua."

"Kwa hiyo?"

"Tutaona, inshaallah." Akaitia simu mfukoni, akaagiza chai.

Naapa kwa Mola, alidhani amekataa. Alidhani Deeq atangoja, ataona kimya, ataelewa, na watakula pamoja Ijumaa kama kawaida. Alikuwa anaiheshimu simu kama mtu wa ukoo. Na Deeq kweli angeelewa, kama lango lisingefunguka. Lakini siku ya nne simu yake ilimwambia karibu, na Deeq si mtu wa kuambiwa karibu mara mbili.

Akangoja Qali aende kuswali adhuhuri. Akamimina ndani ya tangi maziwa ya wakwe zake, yaliyojaa maji ya kisima, akabonyeza kwamba yamepokelewa na yamepimwa. Qali aliporudi alikuta tangi limefungwa na Deeq anawasha gari. Usiku ule mzigo ukaenda Nairobi, na kulipokucha Islii nzima ilikuwa na maziwa yaliyokatika mabonge. Yakarudishwa yote. Wachuuzi wakasema kwa simu: kama Qali ndiye anayepitisha uchafu huu, hatutaki tena mkono wake wala maziwa yenu. Mtoeni, ndipo tuzungumze.

Tukakutana kituoni, juu ya mikeka, na harufu ya yale madumu yaliyorudi ikitukaba koo. Kila mtu alijua Deeq ndiye aliyemimina, hata yeye hakukana. Alichosema ni hiki, na mdomo wake wa kijani:

"Mimi sikuvunja mlango. Nilifunguliwa. Qali mwenyewe aliniachia neno lake la siri, alikuwa amechoka. Nikamsaidia."

"Mimi?" akasema Qali. "Mimi nikuachie wewe? Hata ndoo ya kuoshea miguu siwezi kukuachia!"

Lakini baadhi ya wanawake walikuwa tayari wanamtazama kwa jicho la pembeni. Wapo aliowarudishia maziwa, na mtu aliyerudishiwa maziwa hasahau. Mmoja akasema labda ni kweli alichoka. Mwingine akasema labda alipewa kitu. Nikaona vile jina linavyoondoka, polepole, kama maji kwenye mchanga. Hakuna kituo kingine ambako Qali angeenda kupima maziwa. Akitoka na jina hilo, amekwisha, na watoto wake nyuma.

Mtu mmoja tu angeweza kulimaliza kwa sentensi moja, maana ombi lilifika kwenye simu yake peke yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anafuta miwani.

Qali akasimama mbele yake. Hakupiga kelele.

"Meneja, Deeq aliomba kwako au alipewa na mimi?"

Abdimalik akafuta kioo cha kulia.

"Abdimalik walaal, ndugu yangu, nakuuliza mbele ya mama zako. Ombi lilikuja kwako?"

Akafuta cha kushoto. Deeq alimkazia macho. Hodan alikuwepo pia, amekaa karibu na mlango, na sikumbuki kama alikuwa anamtazama kaka yake au mume wake, ila mmoja wao alimfanya Abdimalik arudie kioo cha kulia.

"Eedo!" nikampigia kelele. "Nilikuwa pale! Ulinionyesha mwenyewe!"

Deeq akacheka. "Huyu mama anasoma simu siku hizi? Herufi moja anaichungulia mpaka jua linazama."

"Na wewe maji unayaita maziwa," nikamjibu, "nani kipofu?"

Lakini neno langu halikutosha. Mimi na Qali tuligombana mbele ya watu, kisha tukapatana, na wengine walidhani namtetea kwa sababu hiyo. Ilitakiwa neno la meneja.

Hapo Jawahir akasimama, akajifunga leso kiunoni. Yule mwanamke ana kifua cha kuita ngamia waliovuka mto.

"Mwanangu," akamwambia, "hatutakulazimisha kusema. Kusema kunakuumiza, tumekujua tangu utotoni. Tutafuata sheria ya lango tuliloletewa. Jarso alisema hapa hapa, na wewe ukaitikia: kunyamaza ni kukubali. Lango lilingoja siku tatu. Mimi sina siku tatu, kuna maziwa yanaharibika nje. Nitakuuliza na kungoja kidogo. Umesikia?"

Kimya.

"Amesikia. Swali la kwanza. Ombi la Deeq lilikuja kwenye simu yako, ukanyamaza mpaka lango likafunguka. Ndivyo?"

Tukangoja. Ngamia akalia sokoni. Miwani sasa ilikuwa safi kuliko maji ya zamzam.

"Amekubali. La pili. Qali hakumpa Deeq kitu chochote, na hana kosa. Ndivyo?"

Deeq akarukia, "Shemeji, sema basi! Sema kitu!"

Lo, jinsi alivyomwomba! Na ndilo jambo pekee ninaloweza kumsifia Abdimalik, kwamba hata shemeji yake alimnyima neno. Sidhani alikusudia. Alikuwa amezoea tu.

"Amekubali," akasema Jawahir. "Wanawake, mmesikia wote? Basi wapigieni watu wa Islii waambieni. La tatu, mwanangu, na hili lisikuudhi. Kazi hii ya umeneja umetuachia, na Deeq ametuachia gari. Ndivyo?"

Wallahi nilidhani siku imefika. Alivaa miwani. Alifungua mdomo. Nikasema moyoni, ya Rabbi, mtoto wa kaka yangu atasema hapana, hata kama ni hapana ya upumbavu, nitamsimamia.

"Inshaallah," akasema.

Wanawake walicheka mpaka mmoja akajilaza kwenye mkeka. Mimi sikucheka, nilitema mate. Qali pia hakucheka. Alichukua kijiti chake cha kioo kutoka mikononi mwa aliyekishika, akaenda kwenye tangi, na tukamsikia akiita dumu la kwanza.

Abdimalik alikaa pale mpaka kiti kilipohitajika. Sasa yuko nyumbani. Hodan anauza nguo, yeye anakunywa chai. Nasikia kuna ofisi moja kule Wajir iliyompigia simu kumpa kazi, kazi nzuri, na wanataka jibu. Mpaka leo hajawajibu.

Na anaitaka.