Waliniambia nina kisonono. Daktari alipofungua tumbo akakuta kitu kingine

Wakuu, wa rika langu shikamooni kama bado mpo, waliobaki marahaba. Nakaribia miaka tisini, naandika kwa kidole kimoja, na sina cha kupata kwa kuwadanganya.

Nimeona humu mnasema endometriosis, hii ya maumivu makali ya hedhi, ni ugonjwa wa mabinti wa siku hizi. Hapana.

Miaka ya hamsini nilikuwa mke mpya, Makorora, Tanga. Mume wangu Hilari alikuwa karani wa reli. Mimi Mbondei wa Muheza, fundi cherehani.

Kila mwezi, siku mbili kabla ya hedhi, tumbo lilinikata mpaka natambaa sakafuni. Hedhi ikiisha, mzima kabisa.

Dispensari wakasema kisonono. Tukachomwa penisilini wote wawili. Wapi!

Mamamkwe akatangaza mtaa mzima kwamba nimewaletea uchafu, nirudishwe kwetu.

Hilari aliniuliza mara moja tu. "Estha, kuna mtu?"

"Hakuna."

"Basi twende hospitali kubwa."

Huko nikakuta daktari Mzungu na nesi Mwanahawa, mama wa makamo aliyekuwa akimtafsiria. Watafsiri wengine walikuwa wanafupisha: tumbo linamuuma, basi. Huyu akaniuliza linaanza lini, linaacha lini, akamfikishia yote.

Daktari akatikisa kichwa. Mwanahawa alinieleza baadaye. Alisema upo ugonjwa, ndiyo hiyo endometriosis, wa nyama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, ila vitabu vinasema ni wa wanawake wa Kizungu.

Mwanahawa akamjibu, "Walioviandika, daktari, walimuuliza Mwafrika gani?"

Enzi za mkoloni hizo, wakuu! Nesi!

Daktari akanipangia upasuaji. Wiki iliyofuata akanipasua.

Akakuta uvimbe kwenye kifuko cha mayai, umejaa damu ya zamani, nyeusi, nzito kama lami. Akautoa. Mji wa mimba akauacha.

Nilipozinduka akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, wewe kweli. Mimi kosa."

Mamamkwe alipokuja kuniona, daktari akamwambia wodi nzima ikisikia kwamba sina kisonono na sikuwahi kuwa nacho. Mwanahawa akatafsiri kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mamamkwe akakaa kitandani, akanishika mguu. "Nisamehe, mwanangu."

Tangu hapo kila mwanamke aliyekuja na tumbo aliulizwa maswali yale yale, majibu yakaandikwa daftarini. Wakapatikana wengine, Waswahili, Wahindi, Wasambaa. Wote walishaitwa malaya au wadekaji.

Hedhi ya kwanza nyumbani nilikaa kwenye cherehani nikishona gauni, nikisubiri tumbo linikate. Nikasubiri, nikasubiri. Jioni gauni likawa limeisha.

Nilicheka peke yangu kama mwehu!

Nilichojifunza: chanzo cha ugonjwa huu wataalamu bado wanakitafuta, na dawa ya kumaliza kabisa bado. Lakini utafiti unaanza pale mtu anapoulizwa vizuri na kuaminiwa. Maumivu yakifuata hedhi, taja siku zake, na asiyekusikiliza muache, tafuta mwingine.

Haya, kina mama, ilichukua miaka mingapi mpaka mtu akakuamini? Na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya, mliwauliza wake zenu nini? Nasoma zote, polepole.