Viberiti vya Kiwalani

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya utafiti wa minyoo, Temeke, nilivaa gauni la kanisani. Mkuu wa Maabara alilitazama, kisha akanikabidhi kapu la viberiti vitupu. "Ndugu Eliwaza, nenda Kiwalani na mjumbe wa nyumba kumi. Kila mtu na kiberiti chake, na ndani choo chake mwenyewe."

Ndiyo, vijana wangu, choo kikubwa. Vikopo vya plastiki hatukuwa navyo, na kiberiti hakikumwaibisha mtu njiani.

Kwa Bwana Shomari, muuza nyama, nilimkuta mkewe, Bi Mwanaidi, mjamzito. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na kila akiinuka alishika ukuta. Niliogopa asingefika siku ya kujifungua. Nikarudi na viberiti vya nyumba nzima.

Kesho yake Mkuu aliinamia darubini mpaka kiberiti cha mwisho cha nyumba ile, akaangua kicheko. Vyote vilikuwa na mayai ya tegu, mnyoo mrefu tunaoupata kwa kula nyama ya ng'ombe isiyoiva. "Hata cha mtoto anayenyonya! Huyu kala mshikaki lini?" Ghafla akaacha kucheka. "Basi vyote ni vya mtu mmoja, na cha yule mama mjamzito hatujakiona. Rudi upesi."

"Shikamoo baba," nilimwamkia Bwana Shomari. "Vile viberiti ni vya nani?"

"Marahaba. Vyangu vyote, nimewagawia. Mambo ya mke wangu yakaangaliwe na wanaume? Mie sikubali!"

"Nitaangalia mie peke yangu."

"Na mkuu wako?"

"Hatagusa."

Akamtazama mkewe, aliyekuwa ameegemea mlango. "Haya, mpe," akasema taratibu.

Mkuu aliiheshimu ahadi yangu. Alikaa mbali, nikamsomea nilichokiona. Mayai ya safura tele: minyoo inayopenya nyayo za anayetembea pekupeku, ikamnyonya damu tumboni. Bi Mwanaidi alitibiwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akajifungua binti salama. Bwana Shomari naye alimeza dawa ya tegu huku amenuna.

Sasa nimestaafu na macho yamechoka. Darubini siikumbuki sana. Nawakumbuka watu walioniamini wakanikabidhi aibu zao, na ninawapenda mpaka leo.

Binti yule alipoolewa, nilikaa nyuma na wageni. Bwana Shomari akanifuata, akanishika mkono mpaka alipokaa mkewe. "Kaa hapa. Bila wewe, leo ningemwoza nani?" Kisha akaninong'oneza, "Ila habari ya viberiti, mkwe wangu asiisikie."

Nilitunza siri yake mpaka tulipomzika.